Kona Iliyokuwa na Mwenyewe

Siku ya tatu baada ya Fundi kuwasha taa mpya juu ya tangi la matumbawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa waliacha kuogelea huku na huko. Walijibana upande wa kushoto, midomo ikigusa kioo, wakawa wanautazama ukuta wa sebule. Fundi alipima joto la maji. Akapima chumvi. Kila kitu kilikuwa sawa, akasema labda na samaki wana siku zao.

Tangi halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe, na mkewe alikuwa amefariki miezi minne iliyopita kwa ugonjwa ambao daktari alisema umechelewa kugunduliwa. Umechelewa kugunduliwa: Fundi alilala na maneno hayo na kuamka nayo. Nyumbani walibaki yeye na binti yao wa miaka minane, ambaye tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, hata wakamwita Chiriku. Chiriku aliongea akila, akioga, akipiga mswaki. Aliweza kusimulia ndoto moja kutoka chumbani hadi mlango wa shule bila kumeza mate. Baada ya msiba, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoa baba yake kitandani.

Taa ya zamani ya tangi iliungua katika mwezi wa nne wa msiba. Sasa matumbawe, kwa asiyeyajua, yanaonekana kama mawe yaliyojipamba, lakini ni viumbe hai na chakula chao ni mwanga. Ukiyanyima mwanga yanapauka, yanakuwa meupe, yanakufa. Siku ya tano gizani, tawi moja la zambarau lilianza kuwa jeupe nchani. Fundi alilitazama akaona mkewe anamfia mara ya pili.

"Nunua taa, yaishe," alisema shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa akija kila siku kumsaidia na mtoto.

"Mimi natengeneza televisheni za mtaa mzima," Fundi akajibu. "Nitashindwa na taa ya samaki?"

Hakushindwa. Dukani kwake alikuwa na pande zito la alumini lenye mapezi ya kupoza joto, alilolitoa kwenye amplifaya mbovu. Alilisugua kwa msasa, akalichora mistari kwa penseli, akapanga vitaa vya LED arobaini na nane: bluu nyingi, nyeupe chache, zambarau nne, kwa kuwa tumbawe hupenda bluu kuliko rangi nyingine. Nyuma ya kila moja alipaka dawa nyeupe ya kupitisha joto. Akazikaza kwa skrubu, akaziunga waya kwa risasi ya kuchomea, moja baada ya nyingine, moshi ukimpanda puani. Akafunga feni mbili za kompyuta na kitufe kimoja cha kuzungusha. Ukikizungusha kulia mwanga unapanda na feni zinakaza, ukikizungusha kushoto mwanga unashuka na feni zinatulia. Kazi ilimchukua siku nne. Katika siku hizo nne hakulia hata mara moja, na hilo lilimshangaza mwenyewe.

Alipoishusha taa ya zamani, mwisho wake wa kulia alikuta utepe mweusi umezungushwa mara tatu. Utepe huo ndio uliofanya kona ya nyuma ya tangi, penye jiwe kubwa lenye tundu, iwe gizani miaka yote. Alikumbuka kwamba aliwahi kumuuliza mkewe, na mkewe akacheka. "Kona hiyo ina mwenyewe," alisema. "Mwache apumzike." Fundi akadhani ni kaa.

Na mafundi wana ugonjwa wao. Fundi akikuta utepe wa mtu mwingine kwenye kazi, anaubandua kwanza, maswali baadaye. Kwake utepe ni alama ya mtu aliyeshindwa akaamua kufunika. Taa mpya aliipima imulike tangi lote, toka ncha hadi ncha, pasibaki giza la ukubwa wa sarafu. Alipoiwasha, matumbawe yaling'aa kijani na waridi, na Chiriku akapiga makofi.

"Mama angefurahi," alisema.

Fundi aliingia jikoni akalia kwa kusimama, mkono mdomoni, mtoto asisikie.

Siku ya nne baada ya kuiwasha, saa kumi alasiri, alikuwa kwenye meza yake ya kazi pale sebuleni, televisheni ya mteja ikiwa imefunguliwa tumbo wazi. Saa kumi ndiyo saa ambayo mkewe alikuwa akiwalisha samaki. Kwanza ilikuja harufu: maji ya chumvi yaliyolala, kama ndoo ya magugu ya baharini iliyosahauliwa juani. Kisha akaona matone sakafuni. Yalitoka chini ya tangi, yakafuata ukuta pale penye kivuli tu, yakaruka pale jua la dirishani lilipopiga, yakaendelea mbele hadi kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda vyumbani. Na kutoka huko kwenye ukumbi, mahali pasipo na taa, mtu akasema polepole:

"Kuleni taratibu. Nani amekula? Nani bado?"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Haikufanana nayo, ilikuwa yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo mdogo mwishoni ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao.

Chiriku alitoka chumbani kwa ncha za vidole. "Baba," alinong'ona, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni mama?"

Fundi alijua kwamba wafu hawaulizi nani amekula. Lakini alikuwa na miezi minne hajaisikia sauti ile, na mtu mwenye kiu hachunguzi kikombe.

"Ndiyo," alisema. "Ni mama."

Kubandua utepe lilikuwa kosa, lakini hili la pili ndilo lililoivunja nyumba. Kiumbe ukishamwita mama mbele ya mtoto, umeshampa kiti.

Kuanzia siku hiyo Fundi alifunga duka saa tisa. Wateja walinung'unika, akawaacha wanung'unike. Aliweka kiti kwenye ukumbi, akakaa kusubiri saa kumi, na saa kumi sauti ilikuja: mara ndani ya kabati, mara nyuma ya friji, mara chini ya kochi, popote ambapo mwanga haukufika. Ilirudia yale yale ambayo mkewe aliwaambia samaki miaka yote. Usigombane na mwenzako. Leo maji ni mazuri, sivyo? Fundi alisikiliza akitabasamu, machozi yakimtiririka, na laiti mambo yangeishia hapo ningesema mwacheni, kila mtu na namna yake ya kufarijika.

Wiki ya pili sauti ilitoka kabatini ikasema, "Leo nimekohoa damu tena. Msimwambie."

Fundi alisimama. Waliokuwa wakiambiwa "msimwambie" ni samaki. Asiyetakiwa kuambiwa ni yeye. Akahesabu miezi kwa vidole, akaelewa kwamba mkewe alikuwa na mahali pa kusemea, na mahali penyewe palikuwa tangi la kioo, hatua sita kutoka kwenye meza yake.

Kesho yake sauti ilikuwa ya chini zaidi, akalazimika kubandika sikio kwenye mlango wa kabati. "Leo nimejaribu kumwambia," ilisema. "Nimesimama mlangoni muda mrefu. Hakuinua kichwa, alikuwa anachomea waya. Nikasema nimekuletea chai."

Fundi aliikumbuka chai. Uso wa aliyeileta hakuukumbuka. Alikaa pale sakafuni hadi jua likatua, na tangu siku hiyo hakula vizuri wala hakuzungumza na mtu, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa ndani ya makabati, ikisubiri kusikia kama mwisho wa maneno yale kuna mahali anasamehewa.

Ni shemeji yake aliyegundua.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini, wakiwa jikoni, "mtoto ana siku ngapi hajasema?"

Fundi alifungua mdomo ajibu, akakuta hajui.

"Anakula chini ya meza," shemeji aliendelea. "Anafunga mapazia mchana. Nikiyafungua anaingia chini ya kitanda. Jana nimemwambia fungua mdomo mama mkubwa aone, akatikisa kichwa, na pembeni ya midomo yakatoka maji. Nimeyafuta kwa kidole. Ni ya chumvi."

Walikwenda chumbani pamoja. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Chiriku alikuwa chini ya kitanda, amelala chali, mikono imenyooka ubavuni, midomo imekazwa hadi imekuwa myembamba kama mstari, na shemeji alipopiga magoti na kumwita mwanangu, njoo mwanangu, mtoto aligeuza macho bila kugeuza kichwa, na ile harufu ya maji yaliyolala ikawajia usoni kwa nguvu mpaka shemeji akashika pua, na midomo ikaachana kidogo, kidogo sana, upana wa uzi, na ndani yake hamkuonekana meno wala ulimi bali weusi mtupu, na kutoka kwenye weusi huo, bila midomo kucheza, mwanamke mtu mzima akauliza kwa upole nani amekula, nani bado.

Shemeji hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kitanda, akajiinua.

"Tutoke," alinong'ona.

"Siwezi kumwacha."

"Sijasema tumwache. Nimesema tutoke tuongee."

Nje ya mlango, shemeji alimkazia macho. "Mdogo wangu alikuambia nini kuhusu ile kona?"

"Kwamba ina mwenyewe."

"Na wewe ukaelewa nini?"

"Kaa."

"Kaa," shemeji alirudia, na katika siku nyingine wangecheka. "Tangu siku alipoliweka jiwe lile, kulikuwa na kitu kinagonga kioo taa ikiwaka. Alipokipa giza kikanyamaza. Aliniambia mimi kwa sababu alijua utamcheka."

Mganga aliyeitwa na shemeji alikuja kesho yake saa tisa kwa pikipiki. Hakuwa na mavazi ya kutisha wala mizigo. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, ungedhani ni karani wa shule. Alivua viatu, akaingia kwa mtoto, akatoka, akasimama mbele ya tangi na kuitazama taa kwa muda.

"Kazi safi," alisema. "Imezidi usafi. Hukumwachia mtu mahali."

"Anataka nini, mtaalamu?" Fundi aliuliza.

"Hataki kitu. Huyu hana ugomvi na nyinyi. Ni jini wa gizani, alipewa kona akakaa kimya miaka. Umemvunjia nyumba, akahangaika kutafuta giza jingine. Kabati linafunguliwa, kochi linasogezwa. Akaona mdomo wa mtoto. Mdomo ukifungwa ndani ni giza."

"Na sauti ya mama yake kaitoa wapi?"

"Miaka yote hiyo nani alikuwa akizungumza naye?"



Mganga aliomba utepe mweusi. Aliubandika kwa nje kwenye kioo cha ile kona, pande mbili, akafunika na juu, tabaka tatu kama alivyofanya marehemu. Kisha akamkalisha Fundi.

"Mtoto ataletwa hapa karibu na tangi. Utaishika taa juu ya mdomo wake, mwanga wote, hadi jini atoke arudi kwake. Akianza kutoka atasema kwa sauti ya marehemu. Atasema lile unalolitamani, kwa kuwa hilo ndilo litakalokufanya upunguze mwanga. Usipunguze. Jini huyu huondoka na sauti aliyoishika. Ukimpa giza hata kidogo kabla hajamaliza kutoka, ataiacha sauti ya marehemu aishike ya mtoto. Rudia nilivyosema."

Fundi alirudia neno kwa neno, kama mwanafunzi.

"Niishike taa mimi," shemeji alisema.

"Taa ni yangu. Nyaya zake nazijua."

"Shemeji."

"Niachie."

Shemeji alimpakata Chiriku kwenye kiti kando ya tangi. Mtoto alikuwa baridi na mzito kuliko mwili wake. Mganga alianza kusoma kwa sauti ya chini, na shemeji akamfungua mtoto mdomo kwa vidole viwili. Fundi aliishusha taa. Akazungusha kitufe kulia hadi mwisho.

Meno ya mtoto yaling'aa zambarau, na nyuma ya meno ule weusi ukarudi nyuma kama mtu anayesukumwa ukutani, ukajikunja, ukatafuta mahali, ukakosa, na maji yakaanza kutoka kwenye pembe za midomo, yakashuka kidevuni, yakaiteremkia mikono ya shemeji, yakaanguka sakafuni na kuanza kutambaa yenyewe kuelekea kwenye tangi, na mganga akasoma kwa kasi, na samaki wakajigonga kwenye kioo, na alumini ikapata moto mikononi mwa Fundi, na feni zote mbili, alizozifunga mwenyewe zikaze mwanga unapopanda, zikavuma sebule nzima, na chini ya mvumo huo, mbali, kama mtu anayeongea akiwa chumba cha tatu, mkewe akaanza kusema.

"Leo nimesimama tena mlangoni..."

Fundi aliinama.

"Kama angeinua kichwa, ningemwambia..."

Na feni zikameza yaliyobaki. Aliona midomo ya mwanawe imetulia na maneno yanapita katikati yake, lakini hakuyasikia. Ningemwambia nini? Sauti ilikuwa inakwisha. Alijua kwamba ikimaliza kutoka hatakuwa na kabati la kubandikia sikio wala saa kumi ya kusubiri. Alijiambia kwamba hapunguzi mwanga, anatuliza feni tu. Alijiambia ni robo ya mzunguko, sekunde moja. Kidole gumba kikakisukuma kitufe kushoto.

Feni zilitulia.

"Ningemwambia naogopa," sauti ilisema, karibu kabisa na uso wake. "Basi. Hata asingenijibu."

"Fundi," mganga aliita.

Alikirudisha kitufe kulia kwa nguvu zote. Kitu cha baridi kilimpita kifundo cha mkono, maji ya sakafuni yakakimbia kwa mstari mmoja hadi chini ya tangi, na nyuma ya utepe kukasikika kugonga mara moja, kama ukucha kwenye kioo. Harufu ikakatika. Samaki wakatulia, kisha polepole mmoja akaelekea upande wa kulia, na mwenzake akamfuata.

Chiriku alifumbua macho. Yalikuwa macho yake, yenye uchovu lakini yake, na mashavu yalikuwa yakirudiwa na joto. Alimwona baba yake akamrukia shingoni. Fundi aliitua taa chini, akamkumbatia, akamnusa nywele, akasikia moyo wa mtoto unavyopiga kifuani kwake. Mtoto alijitenga kidogo amtazame, akafungua mdomo kusema. Midomo ilitamka baba. Haikutoka sauti. Akajaribu tena, akashika koo, akacheka kidogo kama anayedhani ni mchezo, na kicheko nacho hakikuwa na sauti.

Nyuma ya utepe, safi kabisa, kwa uchangamfu wa mtoto aliyeamka na ndoto ya kusimulia, Chiriku akasema, "Baba, umesikia?"

Shemeji alijifunika uso kwa khanga. Mganga alikaa kwenye kiti cha karibu, akatoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Anaweza kuirudisha?" Fundi aliuliza.

"Ukibandua utepe atarudi mdomoni mwa mtoto. Na safari hiyo hatatoka."

"Na taa?"

"Washa taa yako. Matumbawe hayana kosa."

Mwezi umepita. Daktari wa koo amemwangalia mtoto mara mbili, kasema ni mzima, asubiriwe. Chiriku anakwenda shule, anakula mezani, ananenepa. Matumbawe yamechipua matawi mapya, na wageni wakifika husifu taa na kumuuliza Fundi kama anaweza kuwatengenezea na wao. Husema hapana. Shemeji bado anakuja kila siku, kwa ajili ya mtoto. Na Fundi huongea na mwanawe kuliko alivyowahi kuongea na mtu, anamsimulia kila kitu cha dukani, hata visivyo na maana.

Saa kumi Chiriku huvuta kigoda, akabandika sikio kwenye utepe, akajisikiliza. Ile sauti husimulia ndoto ndefu, za kuruka, za kuku wenye viatu, na mtoto hucheka kimya hadi mabega yanatikisika. Fundi hukaa naye. Hawezi kukaa chumba kingine.

Jana, wakiwa mezani kando ya tangi, mtoto aliandika kwenye daftari lake la shule, kwa mwandiko wa mviringo, akamsogezea: "Kwa nini jini hakuondoka na sauti ya mama?"

Fundi alichukua penseli. Aliiweka juu ya karatasi, ikakaa hapo. Aliwaza kuandika kwamba majini hawana sababu. Aliwaza kuandika kwamba ni bahati mbaya. Mtoto alimtazama usoni, akisubiri, na nyuma ya utepe ile hadithi ya kuku ikakatizwa katikati.

"Mwambie, baba," Chiriku akasema kutoka kwenye kona, na pale mezani midomo yake ilikuwa imefungwa.